Makumi Ine ya Kamiyo Mbili

Miye njo nilimwita muizi. Naweka hii neno fasi ya kwanza, ju bantu benye kuandika maisha yao banapenda kuanza na mazuri, na mabaya banaificha chini kabisa, kama mahindi yenye kuoza chini ya gunia. Nilimwita muizi kwa sauti ya juu, saa ine ya asubuhi, pale parkingi ya Katuba fasi kamiyo zinashusha mizigo, mbele ya bamama ya mahindi, bashofa, bapakizi na muuza mikate. Alikuwa shofa yangu. Mwaka tisa tulikula sahani moja. Kisha ile siku, hakuna mwenye kamiyo hata moja mu muji alimupatia volani tena. Miye nilikuwa nimesema, na mu ile kazi yetu, neno yangu iko na uzito.

Ujue kwanza ni muntu gani anasema. Masomo nilifanya mwaka tatu. Namba nilijua zote. Herufi nilijua ya kuandika jina yangu na ya kusoma jina ya kijiji kwa kibao. Kisha baba alikufa, nikapewa baiskeli. Nilisukuma makala, makaa ya kupikia, toka pori ya Lukafu mpaka muji, gunia tatu kwa baiskeli moja, kwa mukono na kwa kifua. Hii alama kwa bega yangu si ya vita, ni ya kamba. Makala ilizaa baiskeli ya pili, ya pili ikazaa duka, duka ikazaa kamiyo. Hakuna mujomba alinishika mukono. Leo bale benye diploma ya ukutani banakuja kwangu kuomba kamiyo ya kuhamisha bitanda yao, na nabaambia wazi: lipa kwanza, mwalimu.

Ile kamiyo ya kwanza ni ya rangi ya buluu. Ilitumika kwa Baingereza, ikachoka, ikapita Zambia, na kule njo niliikamata. Miye mwenyewe niliiendesha, hakuna mwingine aligusa volani yake. Nilikuwa na sheria moja tu: sindano ya mbio isimame pa makumi ine. Bangine balikuwa banakimbiza kama bapepo, banaangusha bantu mu bishimo. Miye, makumi ine. Bamama balikuwa banapanda juu ya magunia yao ya mahindi, toka shamba yangu kule mbele ya Lukafu mpaka Katuba, na kila mara tulipofika pale njia iko sawa, balikuwa banaimba. Nyimbo ya kanisa, kwa nguvu, bote. Ile ilikuwa inanipendeza sana. Shofa yangu wakati ile alikuwa angali mupakizi, anaikala pembeni yangu. Nilimwambia:

"Unasikia, mwana? Kamiyo ya muntu mwenye kuheshimu njia, bantu yake banaimba."

Alikuwa anashika mulango kwa mukono mbili. Alisema, "Ndiyo, Papa."

Mwaka jana nilinunua kamiyo ya pili, nyeupe, yenye kutokea Japani. Nilimuita ule mupakizi wangu, nikamupatia ufunguo mu mukono mbele ya bibi yake. Nikamwambia sheria ni ile ile: makumi ine, na kama sindano inapita, usirudi kwangu. Alilia, ile siku. Muntu ya mwaka makumi ine, mwenye batoto tano, alilia ju ya volani. Mwenye alishasukuma baiskeli anaelewa.

Tukaanza kutembea kamiyo mbili. Tunatoka shamba saa kumi na mbili ya asubuhi, pamoja. Miye nafika Katuba saa mbili na nusu. Yeye anafika saa ine. Mara ya kwanza nilisema: ni woga, volani ni mupya. Mara ya pili nilisema: labda ni pneu, gurudumu ilipasuka. Mara ya tatu niliamua kupima. Siku yenye kufuata, kule shamba, kabla ya kutoka, niliandika kwa kiganja ya mukono yangu namba za kila kamiyo, zile zinazogeuka chini ya sindano, zenye zinahesabu njia. Nilipofika Katuba niliangalia yangu: zimeongezeka mia moja. Alipofika, nikapanda mu yake kabla hata azime injini, nikaangalia: mia moja na makumi sita.

Njia moja. Shamba moja. Mia moja, na mia moja na makumi sita!

Na miye namba najua. Toka hapa mpaka Kipushi, kule kwa mupaka, ni makumi tatu. Makumi tatu kuenda, makumi tatu kurudi. Makumi sita. Ile hesabu ilinijia mu kichwa kama taa, na nilijivuna hata ndani ya hasira.

"Ulipita wapi?" nilimuuliza.

"Kwa njia, Papa."

"Njia gani? Njia yangu ni mia moja. Yako iko na makumi sita juu. Ile makumi sita iliota peke yake, kama majani?"

Bapakizi balianza kucheka. Yeye hakucheka.

"Papa, niliendesha makumi ine, vile vile ulisema. Sikusimama hata kwa kukojoa."

"Kipushi, na kurudi! Unafikiri mwaka tatu ya masomo haitoshi kwa kukamata muizi? Ulipeleka mahindi ya nani kwa mupaka na mafuta yangu?"

"Papa, uliza bamama. Balikuwa juu."

Nikainua kichwa. Bamama balikuwa banashuka polepole, banajinyoosha, mumoja angali na alama ya gunia kwa shavu.

"Mama, mulipita wapi?"

"Eh, Papa," alisema, anapanguza macho, "sisi tulilala. Mu hii kamiyo bantu banalala muzuri!"

"Munasikia?" nikapigia parkingi muzima kelele. "Banalala! Anabalalisha, kisha anaenda kufanya biashara yake! Muizi!"

Mumama mwingine alifungua kinywa, aliangalia uso yangu, akafunga. Na shofa yangu hakubishana. Alitoa ufunguo mu mufuko, akaiweka juu ya gunia. Si mu mukono yangu. Juu ya gunia, kama kwa muntu asiyemujua. Akaenda kwa miguu.

Bantu ya parkingi habakosi jina ya kumupatia muntu. Mbele ya jua kuzama balishamuita "Kipushi". Kipushi anapita. Kipushi, unatuletea nini toka mupaka? Hata batoto yake, kwa masomo, balikuwa batoto ya Kipushi. Alienda kufinyanga matofali ya udongo, kule pembeni ya mutoni. Bibi yake alikuwa anaimba na bibi yangu kwa kanisa. Aliacha kumupa mukono. Nilisema: haya ya muizi ni ile. Kamiyo nyeupe niliiweka kwa kazi ya muji, kubeba muchanga, na buluu ikaendelea na Lukafu, makumi ine, nyimbo juu. Miezi munane ilipita na nililala muzuri. Hii pia naisema.

Mutoto yangu ya mwisho, mwanamuke, ni mwalimu ya fizika kwa shule moja pale Katuba. Wakati ya ile mambo alikuwa mbali, kwa bwana yake. Alisikia tu kama shofa alifukuzwa. Siku moja ya posho, Jumamosi, mchana alikuwa kwangu mu kiwanja, anatayarisha somo kwa kibao kidogo, na miye pembeni nakula hindi ya kuchoma. Yeye akianza somo mupya, ananijaribia miye kwanza. Anasema kama Papa anaelewa, darasa muzima itaelewa. Sijui kama ile ni heshima.

"Papa, kamiyo yako ikikimbia makumi ine, inaenda wapi?"

"Fasi naituma."

"Sindano inasema ni fasi gani?"

"Sindano inajua nini? Inasema makumi ine, basi."

"Njo vile. Ile ni kitu ya kwanza: mbio, peke yake. Kitu ya pili ni mbio pamoja na upande inaelekea. Makumi ine kuelekea Lukafu na makumi ine kuelekea hapa, kwa sindano ni sawa. Kwa ile ya pili si sawa hata kidogo, moja inaenda, ingine inarudi. Kifaransa ya masomo ya kwanza inaitwa vitesse, na ya pili vecteur vitesse, ju iko na kamushale yenye kuonyesha upande." Akachora mushale kwa kibao. "Lakini zote mbili banazipima na kipimo moja: kilometa kwa saa, ao meta kwa segonde. Njo maana batoto banazichanganya."

"Na muntu akizunguka rond-point, ile duara ya katikati ya njia, makumi ine siku muzima?"

"Mbio iko. Mushale unageuka kila wakati. Na jioni angali pale pale!"

Nilicheka mpaka hindi ilianguka. Kisha nikapiga goti yangu. "Mwana, ile yako ya pili nilishaijua mbele yako! Bila masomo! Njo ile nilimukamatia muizi." Na nikamupa hadisi yote, na furaha. Namna sindano yake ilisema makumi ine kama yangu, namna saa zilipita, mia moja kwangu, mia moja na makumi sita kwake, na namna miye, peke yangu, nilitambua mushale yake ilielekea Kipushi.

Nilingoja anisifu. Alikuwa ameshika chaki, haandiki.

"Wewe ulitumia saa ngapi, Papa?"

"Mbili na nusu."

"Mia moja kwa saa mbili na nusu. Kila saa, makumi ine. Muzuri. Na yeye?"

"Ine."

"Mia moja na makumi sita kwa saa ine. Kila saa..." Akaandika kwa kibao. "Ni makumi ine, Papa."

"Basi?"

"Basi alishusha mahindi Kipushi saa ngapi? Alitupa magunia kamiyo ikikimbia? Muizi gani anaenda kuuza kwa mupaka na hasimami hata dakika moja?"

Niliokota hindi yangu chini, nikapanguza vumbi.

"Makumi ine ya nini, Papa?" aliuliza.

"Makumi ine ni makumi ine!"

"Hapana. Namba bila kipimo ni gunia yenye kufungwa. Ni mahindi ao ni makala? Nataka kuona."

Alienda kwa kamiyo ya buluu, yenye kusimama mu kiwanja, akapanda. Nilimuona nyuma ya kioo, ameinamia volani, anapanguza vumbi na ncha ya kitenge. Alikaa muda murefu. Aliposhuka alitembea kama muntu mwenye kubeba maji yenye kujaa.

"Papa, chini ya sindano kuko herufi tatu: M, P, H. Kamiyo hii ilizaliwa kwa Baingereza. Haihesabu kilometa. Inahesabu maili."

Maili nilijua kama neno. Bazee ya Zambia ya zamani banaitumia. Sikujua kama ilikuwa imeikala mbele ya macho yangu mwaka yote ile.

"Maili moja ni kilometa moja na nusu, na kidogo juu. Mia moja yako ni mia moja na makumi sita yake. Njia moja, Papa. Hakuenda fasi ingine."

Nikamwambia herufi ni herufi, Baingereza banaandika bintu mingi, miye naamini njia. Siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi nilitoa kamiyo zote mbili. Shofa mupya, mwenye kubeba muchanga, alienda mbele na nyeupe, nilimwambia ashike makumi ine bila kupita. Miye nyuma yake na buluu, mutoto pembeni yangu. Na ni kwa njia ya Kipushi nilienda, njia nyingine ya kupima haikunijia mu kichwa.

Kwa kumufuata, makumi ine yake, sindano yangu ililala pa makumi mbili na tano. Niligonga kioo na kidole. Haikusogea. Tulipofika Kipushi nikashuka, nikaangalia namba zake: makumi tatu. Nikapanda tena mu yangu: kumi na nane, na kumi na tisa ilikuwa inaanza kuchungulia. Niliikala pale na mulango wazi. Bacambisti ya mupaka, bale benye kubadilisha pesa, banapiga kelele, batoto banauza mayai, na miye sisikii kitu.

"Basi miye nilikuwa naendesha ngapi?" nilimuuliza mutoto.

"Makumi sita na ine, Papa. Kilometa kwa saa." Alisita, lakini ni mutoto yangu, hawezi kuacha. "Kwa segonde moja, karibu meta kumi na nane. Ukisema 'moja', ulishapita kanisa muzima, toka mulango mpaka nyuma ya mazabahu."

Kwa ile njia ya vumbi. Na bamama juu.

Na njo pale, Kipushi, ile ingine ilinipiga. Nyimbo. Mu nyeupe bamama balikuwa banalala. Mu yangu balikuwa banaimba, na kila mara ni pale njia iko sawa, fasi naachilia sindano ifike makumi ine. Mwaka tisa. Kumbe ile haikuwa furaha. Bamama balikuwa banajitayarisha kukutana na Mungu! Na yeye pembeni yangu, mukono mbili kwa mulango, "Ndiyo, Papa." Kama angelikuwa muizi ya kweli, angelikimbiza, angelifika na miye, na nisingeliuliza kitu. Ni utii njo ulimuuza.

Kwetu muzee akikosea mudogo wake, anatuma muntu na kuku, na yeye mwenyewe anangoja kwa nyumba jibu. Nilichukua kuku kwa mukono yangu mwenyewe, nikaenda na mutoto yangu tu kama shahidi. Tulimukuta ndani ya udongo mpaka magoti. Aliangalia kuku, aliangalia miye.

"Muzee," alisema. Hakusema Papa.

Nilimweleza yote: maili, herufi, Kipushi, kumi na nane. Alisikiliza bila kutoka mu udongo. Kisha alicheka kidogo, kicheko mubaya.

"Basi njo ile! Kila mara niliapa kwa bibi yangu, sindano yako na yangu zilikuwa moja. Nilianza kufikiri nililogwa. Nilifikiri nalala kwa volani na sijui." Alipanguza mikono. "Ulinitukania wapi, Muzee?"

"Parkingi."

"Saa ngapi?"

"Saa ine."

"Kesho parkingi, saa ine. Kuku unaweza kuacha, haikutukana muntu."

Nilienda. Nilisimama juu ya gunia ili bote banione. Nilisema: "Huyu hakufika Kipushi. Hakuiba kitu. Alishika makumi ine vile nilimutuma. Kamiyo yangu ilikuwa inahesabu maili na miye sikujua kusoma herufi tatu. Mwenye kufika Kipushi ni miye." Muuza mikate akaita toka nyuma: "Basi Kipushi ni wewe, Muzee!" Parkingi muzima ikaanguka na kicheko. Toka ile saa jina ilihama, na mpaka leo iko kwangu, na hakuna mutoto yake anayeibeba.

Nikatoa ufunguo ya nyeupe, nikamupa. Hakuchukua.

"Nipatie ya buluu kwanza," alisema. "Siku moja. Wewe utapanda juu, na bamama. Miye nitaendesha makumi ine yako. Kisha tutasema mambo ya kazi."

Bibi yangu alisema ni wazimu, muzee ya umri yangu juu ya magunia. Mutoto yangu alisema hakuna muntu anastahili ile, hata miye. Nilibaambia banyamaze, hii ni yangu.

Tulitoka shamba saa kumi na mbili. Bamama balinipa fasi ya katikati na bakanionyesha kamba ya kushika. Kwa bishimo aliendesha polepole na nilianza kufikiri: ni kitu kidogo tu. Mumama moja, ile mwenye alama ya gunia, alijifunga kitenge mara mbili kwa kichwa.

"Papa, funga kofia," aliniambia. "Sasa njo pale sawa."

Nilisikia injini ya kamiyo inabadilisha sauti. Miti ilianza kukimbia. Gunia chini yangu ilikuwa hai, inanirusha, inanikamata, inanirusha. Vumbi mu meno. Kila "moja" ya moyo yangu, kanisa muzima. Nilitaka kupiga paa ya kabini na kupigia kelele asimamishe, lakini mukono haikukubali kuachilia kamba. Namba nilijua, ndiyo. Makumi ine, nilikuwa naisema kila siku. Sikuwa najua inafanana namna gani toka juu.

Pembeni yangu bamama balianza kuimba. Na nikasikia sauti ya muanaume mu ile wimbo, kubwa, yenye kupasuka, inaita Bwana aje upesi. Mumama ya kitenge aligeuka, akaniangalia kinywa.

"Eh, Papa!" alilia mu upepo. "Leo wimbo unaijua?"